Stelingi hafi, sasa unamuogopea nini? Namna ya kupima kama muvi ya pili imeifikia ya kwanza

Muvi kubwa ya safari na hatari ikitoka sehemu ya pili, ubishi huwa ni uleule. Mmoja anasema ya kwanza ilikuwa moto bana, hii wameharibu. Mwingine anasema hii ndo kali zaidi maana milipuko haiishi. Wa tatu hajaiona kabisa ila kasoma asilimia mahali, na ndiye anayeongea kwa sauti kubwa kuliko wote. Ukiwasikiliza vizuri utagundua hakuna hata mmoja hapo anayelinganisha muvi mbili. Wa kwanza analinganisha muvi mpya na utoto wake, wa pili anahesabu moto, wa tatu anasoma namba.

Mimi nimekuwa yule wa kwanza kwa miaka mingi kwa hiyo siwacheki, naandika tu namna ninavyofanya siku hizi, hatua kwa hatua, na ili tusiongee hewani nitakuwa na mfano mmoja mkubwa toka mwanzo hadi mwisho: Jurassic Park ya 1993 na The Lost World ya 1997. Nimezichagua hizi kwa sababu dairekta ni yuleyule, Steven Spielberg, mwandishi David Koepp yumo kwenye skripti zote mbili, wanyama ni walewale, dinosaria wa kisiwani, na hata urefu unakaribiana, dakika 127 na dakika 129. Ukiona tofauti hapo huwezi kusingizia kwamba kazi alipewa mtu asiyejua. Kama hujaziona, humu ndani kuna spoila za kutosha, usije kunilaumu.

HATUA YA 1: RUDIA YA KWANZA, USIAMINI KICHWA CHAKO

Hii watu wengi wanairuka na ndo inayoharibu hesabu yote. Mpinzani wa muvi ya pili mara nyingi ni kumbukumbu yako ya muvi ya kwanza, na kumbukumbu huwa imeshakata vipande vyote vilivyoboa, imebaki na vitamu tu. Hakuna muvi duniani inayoweza kushindana na kitu ambacho kimehaririwa na kichwa chako kwa miaka kumi.

Mimi nilikuwa naapa kabisa kwamba T. rex, yule dinosaria mkubwa mla nyama, anapotoka kwenye uzio mara ya kwanza kuna muziki mzito wa ngoma unapiga nyuma. Nilibishana na kaka yangu mpaka tukaweka muvi. Hakuna muziki! Hata kidogo. Ni mvua, nyayo, mngurumo na watoto wanapiga kelele. Muziki wa John Williams umejaa muvi nzima lakini pale wamenyamaza kimya, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nimeuongeza mwenyewe kichwani. Sasa mtu kama mimi alikuwa na haki gani ya kusema ya pili "haina uzito kama ile"? Uzito upi, ule niliotunga?

Kwa hiyo irudie, siku mbili tatu kabla, siyo usiku huohuo maana utachoka. Na ukiwa unaangalia andika vitu vitatu tu kwenye simu: stelingi anataka nini, anaogopa nini, na kile kipande kilichokukamata kimeanza dakika ya ngapi. Hiyo ya dakika usiidharau. Kwenye Jurassic Park dinosaria wanaonekana kwenye skrini kama dakika 15 tu kati ya zile 127, na T. rex anatokea muvi ikiwa imeshakula saa nzima hivi. Watu wengi wakiambiwa hivyo wanakataa, wanaona kama wanyama walijaa mwanzo mwisho. Hapo ndo unapata kipimo cha kweli cha ya kwanza, na kipimo hicho kinasema hivi: muvi ile ilikuwa tamu kwa kukusubirisha.

HATUA YA 2: TRELA MOJA, BASI

Sina mengi hapa. Angalia trela ya kwanza tu kisha achana nazo, maana za mwisho mwisho zinamwaga kila kitu ili kukuvuta kwenye tiketi. Mfano mzuri ni Terminator 2 ya 1991. Ukiiangalia bila kujua chochote, mwanzo wake umepangwa ili usijue kati ya wale wawili waliotumwa kutoka wakati ujao ni nani amekuja kuua na nani amekuja kulinda, na ukizingatia ile ya 1984 Arnold Schwarzenegger ndiye alikuwa muuaji, unamuogopa yeye moja kwa moja mpaka pale kwenye korido anapotoa bunduki kwenye boksi la maua. Sasa matangazo yalikuwa yameshasema mapema kwamba safari hii jamaa ni mwema. Yaani dairekta amejenga mtego karibu nusu saa halafu watu wa matangazo wakauonyesha kabla. Mtu akitoka pale akasema mwanzo ulikuwa wa kawaida, kosa siyo la muvi.

HATUA YA 3: IJUE NI YA PILI YA AINA GANI

Neno "sehemu ya pili" linabeba vitu vingi tofauti na kila kimoja kina mtihani wake, ukivichanganya unatoa hukumu ya uonevu.

Kuna ile ambayo stelingi ni yuleyule ila kazi ni mpya kabisa, unaweza kuiangalia bila kujua ya kwanza. Indiana Jones ndo mfano wake, na hapo kuna kituko ambacho wengi hawajui: ile iliyotoka ya pili, Temple of Doom ya 1984, kwenye stori inatokea 1935, mwaka mmoja KABLA ya ile ya kwanza ambayo ni 1936. Kwa hiyo ukikaa unalalamika kwamba "mbona hajajifunza chochote toka ile safari ya kwanza", ndugu yangu, hajaenda bado.

Kuna ile ambayo ni nusu ya stori. Pirates of the Caribbean ya 2006 imekatwa katikati, sehemu kubwa ilipigwa pamoja na ya tatu iliyotoka 2007, na inaisha mambo yakiwa yananing'inia. Muvi kama hiyo usiilaumu kwa kutokuwa na mwisho, iulize kitu kingine: je, katikati yake kuna kitu kimefungwa? Kuna mtu amefanya uamuzi ambao hauwezi kurudishwa nyuma? Kama yupo, na pale yupo, kuna mtu anamfunga mwenzake kwenye mlingoti kwa busu na kumuachia mnyama mkubwa wa baharini anayewafukuza, basi umelipwa tiketi yako. Kama wote wanaishia palepale walipoanzia huku wakikuambia subiri mwakani, umeuziwa trela ndefu.

Halafu kuna ile inayobadilisha mchezo. Alien ya 1979 ina mnyama mmoja na watu saba kwenye meli ya angani, ni muvi ya kujificha na kutetemeka. Aliens ya 1986 ina makundi ya wanyama na wanajeshi wenye silaha, ni muvi ya vita. Ukienda pale na kipimo cha "inatisha kama ile?" utasema hapana, na utakuwa sahihi, na utakuwa hujaelewa kitu.

The Lost World yenyewe iko kwenye ile aina ya kwanza lakini ina ujanja mmoja: mtu aliyekuwa pembeni kwenye ya kwanza, yule mtaalamu wa hesabu Ian Malcolm wa Jeff Goldblum, ndiye kawa stelingi. Wale wawili wakubwa wa mwanzo hawamo kabisa. Huo ni uamuzi mkubwa, ukumbuke, tutaurudia.

HATUA YA 4: PIMA HOFU (HAPA NDO PENYEWE)

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Sote tumekua tunajua stelingi hafi. Kwenye ya kwanza hujui vizuri stelingi ni nani, kwa hiyo unaogopa wote. Kwenye ya pili unajua, sura yake iko kwenye bango, na pengine umeshasikia ya tatu inakuja. Kwa hiyo ile hofu ya bure ambayo ya kwanza ilipewa na ujinga wako, ya pili haina. Inabidi iitengeneze upya kutoka kwenye kitu kingine. Ndo maana waandaaji wavivu wanakimbilia ukubwa: mnyama mmoja anakuwa wawili, kisiwa kinakuwa mji, mji unakuwa dunia. Na ndo maana unakaa pale dunia inakaribia kuisha huku wewe unaangalia saa.

Ninavyopima ni hivi. Chukua kipande bora cha ya kwanza na kipande bora cha ya pili, viangalie polepole, jiulize hofu inatoka wapi.

Ya kwanza, kile cha mvua. Umeme umekatwa, magari yamesimama, mbuzi aliyekuwa amefungwa kama chambo hayupo tena. Kinachoanza hofu ni vikombe viwili vya maji juu ya dashibodi. Maji yanatulia, halafu duara linatokea katikati na kupanuka hadi ukingoni. Linatulia. Linatokea tena. Hujaona mnyama, umeona uzito wake. (Walivyofanya lile duara ni waya wa gitaa uliofungwa chini ya dashibodi, wakaupiga. Hela zote zile za utayarishaji, na kitu kilichowatisha watu kuliko vyote ni waya wa gitaa.)

Ya pili, kile cha gari. Sarah, mpenzi wa Malcolm, na mwenzao Nick wamemuingiza mtoto wa T. rex kwenye gari lao refu la utafiti ili wamfunge mguu uliovunjika. Wazazi wanakuja. Wanarudishiwa mtoto wao, unapumua, halafu wanarudi tena na kulisukuma gari hadi nusu yake inaning'inia juu ya genge. Sarah anaanguka urefu wote wa gari na kutua juu ya kioo cha mwisho, chini yake ni bahari. Amelala kifudifudi. Hawezi kusimama. Akiweka kiganja kujiinua, kioo kinapiga ufa kuanzia pale kiganja kilipo. Akihamisha kidole, ufa unafuata. Pale hakuna mnyama kwenye picha, hakuna muungurumo, kuna mwanamke na kioo na sauti ndogo kama ya barafu kwenye glasi, na unajikuta umeacha kupumua.

Sasa linganisha. Vyote viwili vimefanya kazi ileile, kitu kidogo sana kinabeba kitu kikubwa sana, lakini cha pili hakijaiga cha kwanza. Wangeweza kutuletea kikombe cha maji tena, tungepiga makofi na kusahau. Wakaleta kioo. Na zaidi ya hapo hatari yenyewe wamejiletea kwa wema wao, wangemuacha yule mtoto na mguu wake hayo yote yasingetokea. Kwa kipande hiki muvi ya pili imeifikia ya kwanza, nasema bila kigugumizi, na mtu anayesema The Lost World haina kitu simuelewi.

Ukifanya zoezi hili kwenye muvi yoyote utapata jibu moja kati ya matatu. Imeiga kipande kilekile kwa ukubwa zaidi, hiyo ni alama mbaya. Imepata kitu chake kipya kinachotisha kwa sababu yake yenyewe, nzuri. Au haina kipande chochote unachoweza kukisimulia kwa mdomo bila kusema "halafu pakalipuka", basi jibu unalo.

HATUA YA 5: NANI KALIPA?

Kama stelingi hafi, basi lazima kuna kitu kingine anapoteza, au kuna mtu analipa kwa niaba yake, na muvi lazima ikukumbushe hilo bei ikishalipwa. Hapa tafuta majina. Usiseme "wamekufa wengi". Nani?

Kwenye kile kipande cha gari analipa Eddie. Fundi wa vifaa, mtu wa kulalamika lalamika hivi, na ndiye anayekuja kwenye mvua peke yake, anafunga kamba, anawarushia wale watatu waliokwama, anaingia kwenye gari dogo na kuvuta kwa nguvu zote magurudumu yanateleza kwenye tope. Wale T. rex wanarudi. Anaweza kuruka akimbie. Haachii pedeli. Wanamchana vipande viwili, halafu lile gari refu linadondoka na wale watatu wanabaki wananing'inia kwenye kamba aliyoifunga yeye. Hiyo ndo gharama.

Lakini angalia kinachofuata, na hapa ndo ya pili inapoanza kuvuja. Eddie anatajwa kidogo sana baada ya hapo. Wanatembea, wanakimbia, wanafukuzwa, na muvi inaendelea kama vile kamba ilijifunga yenyewe.

Linganisha na Aliens. Stelingi Ripley, aliyeigizwa na Sigourney Weaver, anaamka baada ya kulala miaka 57 angani, kila aliyemjua kazeeka au kafa, anashtuka usiku kwa ndoto. Hayo ni malipo ya muvi ya KWANZA yanayoendelea kudaiwa kwenye ya pili. Kwa hiyo anapoamua mwishoni kushuka kulekule chini kumfuata mtoto mmoja waliyemkuta huko, wakati mlango wa kuondokea uko wazi, unajua kabisa anachokiogopa na unajua anakwenda hivyohivyo. Kwenye ya kwanza swali lilikuwa natokaje humu, kwenye ya pili swali ni narudi kwa ajili ya nani. Weaver aliteuliwa kugombea Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa ile, jambo la nadra kwa muvi ya wanyama wa angani, na sababu yake ni hiyo, hakuigiza mtu anayepiga risasi tu.

HATUA YA 6: ANATAKA NINI, NA AMEKIPATA DAKIKA YA NGAPI?

Hii niliigundua kwa bahati na sasa siiachi. Rudi kwenye zile noti zako. Stelingi anataka nini? Kisha angalia anakipata lini.

Malcolm anaenda kile kisiwa kwa sababu moja, mpenzi wake Sarah ameshatangulia huko na yeye anajua huko kuna nini. Hataki utafiti, hataki picha, anataka kumrudisha. Sababu safi kabisa, ya kibinadamu. Tatizo, anampata mapema mno, muvi haijafika hata nusu. Yuko mzima, wala hataki kuokolewa. Kuanzia pale stelingi wetu hana anachokitaka zaidi ya kuondoka, na kila mtu mwingine anataka kuondoka pia. Muvi ikabaki inatembea kwa miguu ya wanyama.

Ndo maana kile kipande cha mwisho, T. rex akiletwa mji wa San Diego kwa meli, watu wengi wanakiona kama kimebandikwa. Wanasema eti ni kwa sababu hakilingani na kisiwa. Mimi naona sivyo. Kingelingana vizuri tu kama Malcolm angekuwa bado ana kitu anakidai huko. Hana. Amefika nyumbani, kazi ya kuwakimbiza wale wanyama angeweza kuwaachia polisi.

Kwenye muvi yako fanya hivihivi. Kama hamu ya stelingi inaisha katikati na hakuna nyingine iliyozaliwa mahali pake, nusu ya pili itakuboa hata kama imejaa moto, na hutajua kwa nini.

HATUA YA 7: MBEGU, MASHIMO, NA VITUKO VYA KUSAMEHE

Hapa watu wa mitandaoni ndo wanapenda kukaa, mimi napita haraka maana kosa dogo halijawahi kuua muvi nzuri. Ila tofautisha aina mbili.

Kuna kituko kilichopandwa. Binti yake Malcolm, Kelly, mwanzoni kabisa inasemwa kwamba aliondolewa kwenye timu ya sarakasi shuleni. Baadaye anaruka kwenye bomba na kumpiga raptor, dinosaria mdogo mwindaji, teke kwa sarakasi. Watu wanacheka hadi leo, na mimi nacheka, lakini kwa haki yake ile mbegu ilipandwa. Shida ni uzito: ya kwanza ilitufundisha kwamba raptor ni muuaji anayefungua milango, halafu huyu hapa anapigwa teke na mtoto wa shule akaanguka dirishani. Kwa hiyo swali sahihi hapa siyo kama jambo linawezekana, jiulize kama linamshusha adui thamani. Adui akishashushwa hapandi tena.

Na kuna shimo. Ile meli inagonga gati, wanaingia, mabaharia wote wamekufa, hadi wa chumba cha usukani. Mnyama mwenyewe yuko amefungiwa chini kwenye shehena. Sasa nani aliwaua wale wa juu, na akarudi akajifungia? Muvi haikuelezi. Shimo la namna hii ni la kuhesabu kwa sababu limekaa palepale kwenye mlango wa sehemu ya mwisho, unaingia humo ukiwa na swali kichwani badala ya hofu.

HATUA YA 8: NAMBA ZISOME MWISHO, NA UZISOME VIZURI

Nimeziweka mwisho makusudi. Ukizisoma kabla, unaingia ukiwa umeshaamua.

Mapato ya wikiendi ya kwanza hayakuambii chochote kuhusu muvi ya pili. Yanakuambia watu waliipenda kiasi gani YA KWANZA. Fikiria, walionunua tiketi siku hizo tatu walikuwa hawajaiona. The Lost World ilifungua Marekani na dola milioni 72 hivi kwa siku tatu, rekodi kwa wakati ule, wakati Jurassic Park ilifungua na 47 tu. Ukiishia hapo utasema ya pili imeshinda mbali. Sasa nenda mwisho wa safari: ya kwanza ilikusanya duniani kama dola milioni 914 kwa toleo lake la mwanzo, ya pili kama 618. Yaani moja ilianza taratibu ikasukumwa na watu kuambiana, nyingine ilianza mbio ikaishiwa pumzi njiani. Hela nyingi bado, hakuna aliyelia njaa pale, lakini umbo la ile safari ndo linaongea. Na ukilinganisha muvi zilizopishana miaka mingi kumbuka bei ya tiketi hupanda, kwa hiyo hela kubwa zaidi haimaanishi watu wengi zaidi.

Asilimia za Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wakaguzi wa muvi, nazo zinasomwa vibaya kila siku. Asilimia 90 haimaanishi muvi imepata 90 kwa 100, maana yake wakaguzi tisa kati ya kumi wameona inafaa kiasi fulani. Muvi ambayo kila mtu anasema "siyo mbaya" inaweza kuwa na asilimia kubwa kuliko muvi ambayo nusu ya watu wanaiabudu na nusu wanaichukia. CinemaScore, kampuni ya kura za maoni, wao wanawauliza watazamaji wa usiku wa kwanza, na hao wa usiku wa kwanza ni wale waliokuja na mapenzi tayari, kwa hiyo mwendelezo ukipata alama ya chini kutoka kwao ujue wamewaudhi hata marafiki.

HATUA YA 9: TOA HUKUMU, ILA IPE SIKU

Ukitoka kwenye ukumbi usiandike kitu usiku ule. Masikio bado yanapiga kelele, na muvi kubwa zinajua hilo, zinapakia kelele mwishoni ili utoke na moto. Lala. Kesho yake mchana bila kufungua chochote, jisimulie stori kwa mdomo kutoka mwanzo. Pale unapokwama, "halafu... halafu wakafika wapi sijui...", pale ndo muvi ilipokosa sababu. Pale ambapo mikono yako inaanza kuonyesha, "kiganja kikawa hivi, kioo kikafanya hivi", pale ndo ilikuwa hai.

Halafu andika hukumu yako bila neno "bora kuliko". Andika imefanya nini ambacho ya kwanza haikufanya, na imepoteza nini ambacho ya kwanza ilikuwa nacho. Sentensi mbili tu, zinatosha kumnyamazisha yule wa asilimia.

Yangu kwa The Lost World inasomeka hivi. Imepata kipande kimoja, cha kioo na kamba ya Eddie, ambacho kinasimama bega kwa bega na kile cha mvua, na imethubutu kumpa stelingi mtu aliyekuwa pembeni. Imepoteza subira ya ile ya kwanza, na imempa Malcolm alichokitaka mapema mno kisha ikamzungusha saa nzima akiwa hana shida yoyote. Haijaifikia. Kaka yangu anasema imeifikia, anasema T. rex kunywa maji kwenye bwawa la kuogelea la watu usiku, mtoto akiwa dirishani anawaamsha wazazi wake, ni kitu ambacho ya kwanza isingeweza kukifanya hata wangeipa saa tatu zaidi. Nimekirudia kile kipande mara mbili wiki hii, na mara ya pili nikajikuta nimeacha kuandika noti.